Kwa Ndugu Anayeambiwa Amechelewa



Leo sina mahubiri ya mimbarini. Nina neno kwa ndugu mmoja, ingawa najua mko wengi. Ni wewe uliyepita miaka arobaini na bado hujaoa. Kwenye mkutano wa wanaume kanisani unakaa na rika lako, wao wanazungumza karo ya sekondari na harusi za binti zao, wewe unaangalia simu. Kwa vijana huwezi kurudi, maana kiongozi wao alizaliwa ukiwa umeshamaliza shule. Kila harusi unayohudhuria lazima mama mmoja akushike mkono akuulize, "Na wewe, wali wako tutakula lini?" Unacheka naye, unarudi nyumbani, unapika ugali wa mtu mmoja.

Dada unayechumbiwa na mtu kama huyu, soma pia. Na wewe mama wa kuuliza wali, soma hadi mwisho. Nina neno lako.

Mnajua nilioa nikiwa na miaka 43. Wengi wenu ndio mliosimamisha hema na kupika pilau. Mtoto wetu wa kiume alizaliwa nikiwa na miaka 46. Leo nina 52, yeye ana sita, yuko gredi ya kwanza. Wiki haipiti bila ndugu kuniandikia: Pasta, kwa umri wangu bado inawezekana? Nianzie wapi? Nimeona niwajibu wote hapa.

Mimi ni kifungua mimba. Baba yetu alitwaliwa mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne, akamwacha mama na watoto sita, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Kuanzia hapo hadi nilipofika miaka 38 nilikuwa nalipa karo ya wadogo zangu, na katikati ya hayo Bwana akaniita kutumika katika kanisa la mabati la kukodi ambalo wengine wenu mnalikumbuka kwa jinsi lilivyovuja. Siioni miaka hiyo kama miaka iliyopotea. Wewe nawe una sababu zako. Mwingine alikuwa anamuuguza mzazi, mwingine alifiwa na mchumba, mwingine kazi ilimpeleka mbali. Huna haja ya kumtetea mtu yeyote miaka yako. Lakini ujue pia kwamba miaka haiulizi ulikuwa unafanya nini. Inapita tu.

Watu wakimwona mwanamume kama wewe, humtajia Abrahamu, aliyempata Isaka akiwa na miaka mia moja. Ni kweli, imeandikwa Mwanzo 21. Lakini usiruke kurasa zilizotangulia. Kabla ya Isaka kulikuwa na Hajiri, na Ishmaeli alizaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86. Ile haraka ya kupata mtoto kwa njia yoyote ilimfikisha mama mmoja na mwanawe jangwani, maji yameisha, wanalia.

Mimi napenda kumtaja Isaka mwenyewe. Fungua Mwanzo 25. Alimwoa Rebeka akiwa na miaka 40. Mapacha walipozaliwa alikuwa na 60. Miaka ishirini, ndugu yangu. Na katika mstari wa 21 utaona kwamba Isaka ndiye aliyemwomba Bwana kwa ajili ya mkewe. Hakumwambia Rebeka akaombewe. Hakutafuta mjakazi, ingawa alijua nyumbani kwao jambo hilo lilishawahi kufanyika. Alilibeba jambo yeye mwenyewe.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mwanamume huanza kuwa baba siku anapobeba jambo, kabla mtoto hajaonekana, na hata kama mtoto hataonekana. Sisi tunaoanza tukiwa tumeenda umri hatuna miaka ya kungoja tujifunze hilo polepole.

1. Uchumba wa watu wazima

Mke wangu nilimfahamu nikiwa na miaka 41. Yeye alikuwa na 34, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na binti wa miaka sita. Baba wa binti alikuwa ameondoka kabla mtoto hajazaliwa, na hakurudi.

Tulikuwa tunaonana Jumamosi saa nane mchana kwenye hoteli moja karibu na steji, meza ya karibu na mlango, mahali ambapo kila mshirika akipita anatuona. Chai na mandazi. Mara ya tatu alitoa daftari. Alikuwa ameandika maswali, kama mwalimu.

Aliniuliza nina madeni gani. Aliniuliza ni nani wanaonitegemea kila mwezi, na kiasi gani. Aliniuliza kama nina mtoto mahali. Nikamwambia sina. Akasema, "Sawa, nitawauliza dada zako." Na akawauliza! Yeye naye akaniambia mkopo wake wa chama cha akiba ulikuwa umebakisha miezi kumi na minne, na kwamba mama yake mgonjwa wa sukari anaishi naye na ataendelea kuishi naye. Hakupamba chochote.

Ndugu, kijana wa miaka 24 anaweza kusema, "Hayo tutayajua mbele." Wewe mbele umeshafika. Kwa umri wako hakuna anayekuja mikono mitupu: kuna mikopo, kuna wazazi, pengine kuna mtoto, kuna shamba lenye kesi, kuna dawa za presha kwenye droo. Yaweke mezani kabla ya wazee kutumwa. Usiogope kwamba ukweli utamfukuza. Akiondoka kwa sababu ya ukweli, ameondoka mapema, na nyote wawili mmeokoa miaka.

Mkapimwe pia. Virusi vya Ukimwi, kila kanisa linajua. Lakini ongeza presha na sukari, na kama mnatarajia watoto ongeza selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi unaowatesa watoto wengi wa Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtu anaweza kubeba chembe zake bila kuugua siku hata moja, na wawili wanaozibeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Kupima si kukosa imani. Ni kujua mnachokiombea.

Swali gumu nililiuliza mimi. "Na tusipojaliwa mtoto?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi mtoto ninaye. Hilo swali ni lako."

Nilitembea na maneno hayo wiki mbili, nikafunga na kuomba. Nilitaka mtoto, sitaficha. Lakini kama ningempeleka mwanamke huyu kwa wazee ilhali moyoni ninamwoa kwa ajili ya tumbo lake, basi siku tumbo lisipotii ningekuwa sina mke, ningekuwa na mdaiwa. Nilirudi Jumamosi nikamwambia, "Ninakuoa wewe. Mtoto akija, tutampokea." Hapo ndipo tulipopanga siku ya mahari.

Nakuuliza wewe unayesoma: ungeweza kusema hivyo bila kusema uongo? Usipoweza, bado hujawa tayari, hata kama una miaka hamsini na nyumba ya mawe.

Kuna mtindo umeingia hadi miongoni mwa waliookoka. Mwanamume anamwambia dada, "Shika mimba kwanza, ndipo nilete wazee, nisije nikaoa mtu asiyezaa." Huyo hatafuti mke. Anafanya jaribio kwa mwili wa binti wa mtu. Dada, ukiambiwa hivyo, simama uende nyumbani. Na ndugu, ujue kwamba mtoto akizaliwa harusi isifike, Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto huyo haki ya kutunzwa na mama na baba sawasawa, wawe wameoana au hawajaoana.

Wengine mnafikiri dawa ya umri ni kutafuta binti wa miaka ishirini na mbili. Msomeni Boazi. Alikuwa mtu mzima mwenye mali, na Ruthu ndiye aliyekuja miguuni pake. Bado hakumzungusha wala kumficha. Kesho yake alikwenda langoni, akawaketisha wazee kumi, akalimaliza jambo siku ile ile mbele ya watu wote. Mtu mzima hujulikana hapo. Hamchezei mwanamke saa.

2. Mtoto wa kwanza aliniita Pasta

Tulipofunga ndoa binti yule alikuwa na miaka minane. Mjomba wangu mmoja alikuwa ameniuliza kwa upole, "Mwanangu, umengoja miaka yote hii, halafu ulee mtoto wa mwenyewe?" Nilimjibu, "Mjomba, na Yusufu?"

Yusufu wa Nazareti hakumzaa Yesu. Katika Mathayo 1 malaika anamwambia amchukue Mariamu na ampe mtoto jina. Kisha katika sura ya pili anaamka usiku, anamchukua mtoto na mama yake, anakimbilia Misri. Hakuna neno hata moja la Yusufu lililoandikwa. Yameandikwa matendo yake tu. Kama Bwana wetu mwenyewe alilelewa na baba ambaye hakumzaa, wewe na mimi ni nani tuone aibu?

Kwa mwaka mmoja na nusu binti aliniita Pasta, nyumbani mwangu. "Pasta, chai iko mezani." "Pasta, mama anakuita." Sikumlazimisha. Kila asubuhi nilitembea naye hadi steji, nikabeba mkoba wake, tukazungumza au tukanyamaza. Jioni nilikagua kazi ya shule, ingawa hesabu zake nyingine zilinishinda. Nilihudhuria kila mkutano wa wazazi, hata ule uliogongana na maombi ya Jumatano, na wazee wa kanisa wakaongoza ibada.

Kisha jioni moja mvua ilikuwa inamwagika, naye yuko nje ya geti, analigonga kwa nguvu. Nikasikia akipaza sauti, "Baba, fungua! Nalowa!" Hakuwa na muda wa kufikiri. Nilifungua, nikampa taulo, sikusema chochote. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango.

Ndugu, kwa umri wako kuna uwezekano mkubwa kwamba mwanamke utakayempenda ana mtoto. Usimwambie unampenda yeye halafu mtoto apelekwe kwa nyanya. Ukimchukua mama, umeingia katika maisha ya mtoto aliyekwisha kuachwa na mwanamume mmoja. Usiwe wa pili.

3. Miaka ya kungoja

Mwaka wa kwanza wa ndoa mimba ilishika, ikatoka mwezi wa tatu. Mnakumbuka. Kina mama mlikuja na uji, mkakaa naye, mkafua, Mungu awabariki. Lakini kulikuwa na maneno mengine pia. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Wengine walimuuliza alibeba nini kizito. Naomba mlisikie hili kutoka kwangu: mimba nyingi zinazotoka katika miezi ya mwanzo hutoka kwa sababu haikujengeka sawa tangu mwanzo, na mama hakufanya lolote kusababisha hivyo. Msimwekee mwanamke anayeomboleza hatia juu ya huzuni.

Baada ya hapo, miezi ikapita. Kila kesha mke wangu aliitwa mbele kuombewa. Wageni waliokuja kuhubiri walimwekea mikono. Mimi hakuna aliyeniwekea hata kidole. Na mke wangu alikuwa na mtoto wa miaka tisa ameketi kwenye kiti! Hesabu hiyo hata mtoto wa gredi ya tatu angeifanya. Lakini kwetu, nyumba isipopata mtoto, macho yote huenda kwa mwanamke.

Nikamwambia mke wangu, "Wewe pumzika. Kesho naenda kupimwa mimi."

Nitasema wazi kwa sababu nyinyi ni watu wangu, na kwa sababu kuna nyumba zinazovunjika kwa jambo ambalo lingejulikana kwa kipimo kimoja. Daktari alinieleza hivi. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na baada ya miaka 35 hivi hupungua haraka, idadi na ubora. Mwanamume huendelea kutengeneza mbegu hadi uzeeni, ndiyo maana tunajidanganya kwamba umri hautuhusu. Unatuhusu. Kadiri tunavyozeeka mbegu hupungua nguvu ya kwenda, kushika mimba huchukua muda mrefu zaidi, na hatari ya mimba kutoka huongezeka kidogo hata kama mama ni kijana. Sigara, pombe, sukari isiyodhibitiwa na unene vinaongeza tatizo. Mara nyingi sana, nyumba inapokosa mtoto, sababu iko kwa mwanamume, au iko kwa wote wawili.

Kwangu mimi mbegu zilikuwa chache, na mishipa ya damu ya korodani moja ilikuwa imevimba. Ni jambo la kawaida kwa wanaume, na wengi hawajui kuwa wanalo. Nilifanyiwa upasuaji mdogo. Daktari akasema mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo nisitarajie mabadiliko wiki ijayo. Tulingoja. Mwezi wa saba mke wangu alinionyesha kipimo akiwa amesimama jikoni.

Je, ni maombi au ni daktari? Ndugu, mimi niliomba tangu siku ya kwanza, na niliomba nikiwa nimelala kwenye kile kitanda cha upasuaji. Sikuona kwamba nimebadilisha Mungu. Lakini najua kwamba kama ningeendelea kumtuma mke wangu mbele kila kesha huku mimi nimesimama na kipaza sauti, ningekuwa ninaomba kwa mdomo wangu na kumbebesha yeye jibu.

Kwa hiyo, kabla hujaruhusu mke wako ainuliwe mbele ya watu kwa ajili ya tumbo lake, wewe umeshakwenda kupimwa?

4. Chukua kalamu

Mtoto alipozaliwa mama yake alikuwa na miaka 39. Kliniki walimfuatilia kwa karibu kwa sababu ya presha, na mwisho akajifungua kwa upasuaji. Nilikaa nyumbani wiki mbili nikifua nepi na kupika uji. Wazee wa kanisa walihubiri Jumapili zote mbili, na hakuna mbingu iliyoanguka. Wewe uliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili. Ichukue. Kwa umri wetu hatujui kama tutaipata tena.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu. Mwanangu alizaliwa nikiwa na 46. Nitakapofika 60 atakuwa na miaka 14, gredi ya tisa. Atakapomaliza gredi ya kumi na mbili nitakuwa na 63. Kama wewe una 45 leo, ukaoa mwakani na mtoto akaja ukiwa na 48, basi ukiwa mtumishi wa serikali utastaafu kwa miaka 60 mtoto akiwa gredi ya saba. Karo kubwa itakuja mshahara ukiwa umeisha.

Na kuna hesabu nyingine. Zaburi ya 90, ile ile inayotufundisha kuomba hekima ya kuhesabu siku zetu, inataja miaka sabini, na kwa mwenye nguvu themanini. Nikipewa sabini, mwanangu atakuwa na 24. Mimi nilimzika baba yangu nikiwa na 19, najua kijana wa umri huo anavyosimama kando ya kaburi na suruali ya kuazima. Hesabu hiyo imeniamsha usiku zaidi ya mara moja. Sijaikemea, kwa sababu si pepo. Ni hesabu, na hesabu huhitaji kufanyiwa kazi.

Haya ndiyo tuliyofanya nyumbani kwetu.

Niliandika wosia. Najua mnaogopa neno hilo, mnasema ni kujiitia kifo. Baba alipotwaliwa, mama alizungushwa miaka mitatu ofisi hadi ofisi kwa kipande cha shamba ambacho kila mtu kijijini alijua ni chetu. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako na mashahidi wawili wanaokuona ukitia sahihi, na shahidi asiwe mtu unayemrithisha. Ndani yake unaweza kutaja mlezi wa watoto ikiwa wewe na mama yao mtaondoka.

Nilimtaja binti yetu kwa jina. Sheria yetu ya urithi inamtambua mtoto uliyemchukua kama wako na kumtunza, lakini ukifa bila kuandika, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha mbele ya ndugu zako kwamba alikuwa wako. Sitaki asimame mbele ya mtu yeyote kuthibitisha hilo. Nimeshalithibitisha mimi.

Ninachangia NSSF kwa hiari, maana hata asiyeajiriwa anaruhusiwa. Ni kidogo, lakini kila mwezi. Wachungaji wenzangu, sadaka ya mwisho wa mwaka si pensheni.

Ninapimwa presha na sukari, na tangu nilipofika hamsini, tezi dume pia. Ninatembea kwa miguu kila asubuhi. Zamani mwili huu ulikuwa wangu na wa Bwana. Sasa kuna mtu wa miaka sita anayeutegemea.

Na ninamsimulia mwanangu mambo sasa, sisubiri awe mkubwa. Babu yake alivyokuwa. Kwa nini tuliokoka. Namna ya kumsalimia mtu mzima. Baba kijana anaweza kusema, "Nitamwambia akikua." Mimi namwambia tukiwa tunafunga kamba za viatu.

Shuleni kwao watoto wenzake hupaza sauti, "Babu yako amekuja!" Mwanzoni alikuwa anawasahihisha kwa hasira. Siku hizi anawaambia, "Ni baba, ni vile alianza kuishi mapema." Sijui aliitoa wapi. Nimeikubali.

5. Neno la mwisho

Mama wa kuuliza wali, nakupenda, na najua hukusudii ubaya. Lakini hujui kama ndugu huyo ametoka kuachwa wiki iliyopita. Hujui kama dada huyo amepoteza mimba mwezi jana na yuko pale kanisani kwa nguvu za Mungu tu. Badala ya swali, mpe kiti karibu nawe. Mwalike chakula cha Jumapili. Zaburi ya 68 inasema juu ya Mungu anayewaweka wapweke katika nyumba. Mara nyingi nyumba anayoitumia ni yako.

Na kuna ndugu anayesoma haya ambaye hatapata mtoto. Amepimwa, ameomba, mke wake ameomba, miaka imekwenda. Sitakwambia kwamba wako anakuja kwa sababu wangu alikuja. Sina neno hilo kutoka kwa Bwana, na sitalibuni ili nipate amina nyingi. Ninachojua ni kwamba ndoa yangu haikungoja mwana wetu ili iwe ndoa, na nilikuwa baba tangu ile jioni ya mvua, kabla ya yeye kuzaliwa... la, tangu zile asubuhi za kubeba mkoba. Tazama pembeni mwako. Kuna mpwa anayekosa karo. Kuna kijana wa kanisa asiye na mtu wa kwenda naye kuchukua kitambulisho. Beba jambo.

Ndugu unayeambiwa umechelewa, wiki hii fanya mambo matatu. Andika kwenye karatasi madeni yako na watu wanaokutegemea, ili siku ukiulizwa usitapetape. Nenda ukapimwe afya. Na ukiwa na mwanamke unayemzungusha, mwambie ukweli kabla ya Jumapili: ama unakwenda kwa wazee wake, ama unamwachilia aende zake kwa amani.

Nitakuombea sasa.

Baba katika jina la Yesu, ninamleta ndugu huyu mbele zako pamoja na miaka yake, iliyopita na iliyobaki. Mpe ujasiri wa kusema ukweli na uvumilivu wa kungoja. Umpe mke atakayempenda kwa ajili yake mwenyewe. Ukimpa mtoto, mpe pia siku za kumlea. Usipompa, usimwache peke yake nyumbani. Na wale wote waliowekwa mikononi mwetu, tuliowazaa na tusiowazaa, wasije wakatafuta baba sisi tukiwepo. Amina.

Kama neno hili limekugusa, mtumie ndugu mmoja unayemjua. Usimwambie kwa nini umemtumia. Ataelewa.